Salamu ya Mama Barisa

Juzi dereva wa basi la kutoka Garsen alinipigia simu nikachukue mzigo wangu hapa Malindi. Mzigo wenyewe chupa ya maziwa, imezungushiwa gazeti na kufungwa kamba mpaka ungedhani ndani kuna dhahabu. Nilipofungua kifuniko harufu ikanipiga usoni: moshi. Wenzangu mliokulia upande wetu mnaijua. Kibuyu hufukizwa kwa vijiti vinavyowaka kabla maziwa hayajatiwa, na ule moshi unabaki humo, unaingia kwenye maziwa, unaingia kwenye chai, unaingia hadi kwenye nguo za anayeyabeba. Jirani yangu alichungulia akasema, "Haya maziwa yameungua." Nikamwambia, shoga, nenda zako, hujui unachokisema.

Maziwa yale aliyatuma dada yangu Hawaye. Aliyachagua mwenyewe sokoni, akayafunga mwenyewe, akayapeleka steji mwenyewe na kumkabidhi dereva mkononi. Kwa mtu mwingine hilo si jambo la kusimulia. Lakini mimi, jamani, nilikaa chini sakafuni jikoni na ile chupa mapajani, nikashindwa kuinuka.

Kijiji chetu kiko karibu na Garsen, mwendo kama wa nusu saa kwa miguu. Njia inapita juu ya tuta, mto upande mmoja, mashamba upande wa pili. Sisi ni Wapokomo, watu wa mto: mpunga, ndizi, maembe, kambare. Baba alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya mbali na alirudi mara moja moja, kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu, Mama, Hawaye na mimi. Hawaye ndiye kifungua mimba, na kwa sababu hiyo Mama hakuwa na jina lingine kijijini ila Mama Hawaye. Hata mimi nilikua nikidhani ndilo alilobatizwa.

Siku hizi kuna neno, usonji, na ukilitaja kuna watu wanaotikisa kichwa wakaelewa. Wakati ule neno lilikuwa bado halijafika kwetu. Yaliyokuwepo ni mengine, na sitaki kuyaandika hapa. Hawaye hakuwa bubu, maana matangazo ya redio aliyarudia neno kwa neno, la sabuni, la mbolea, la dawa ya kupe, kwa sauti ileile ya mtangazaji. Lakini ukimuuliza, "Hawaye, wataka maji?" anakutazama sikio. Si macho, sikio. Harufu ya samaki ilimtapisha, na hebu fikiria kuzaliwa Mpokomo ukawa hutaki samaki. Hakuwahi kumwita mtu yeyote kwa jina. Hakuwahi kusema "Mama."

Hilo la mwisho ndilo lililomla Mama, na si kwa sababu ya mapenzi tu. Nilimsikia akimwambia Baba, "Mtoto mwingine akipotea ataulizwa, wewe wa nani? Atasema mimi wa fulani, ataletwa nyumbani. Huyu ataulizwa mpaka jua lichwe." Kwetu mtu hakuulizi unaitwa nani. Anakuuliza wewe ni wa nani, na ukishajibu hilo, dunia nzima inajua pa kukurudisha. Mtoto asiyeweza kulijibu swali hilo hawezi kutoka nje ya ua. Ndivyo Mama alivyoamini, na sidhani alikosea.

Maana siku moja Hawaye alitoweka kweli. Mama alikimbia moja kwa moja mtoni, kwani Hawaye alipenda maji na mto wetu una mamba. Tulimkuta kwenye malka, ile njia pana ambayo ng'ombe wa Waorma, wafugaji majirani zetu, huteremkia mtoni kunywa. Alikuwa amesimama katikati ya kundi, ng'ombe wanampita kulia na kushoto, tope limemfika magotini, ametulia kuliko nilivyowahi kumwona katika maisha yake yote. Mchungaji mmoja alikuwa akimuuliza na kumuuliza, "Wewe toto ya nani? Ya nani wewe?" na yeye anatazama pembe za ng'ombe. Mama alimbeba begani kama mtoto mchanga, ingawa miguu ilikuwa inaning'inia mpaka karibu na magoti yake.

Kuanzia siku hiyo Mama alimshika kifundo cha mkono. Njiani, kisimani, shambani, popote. Lango la ua likafungwa kwa waya uliosokotwa. Ungemwona Mama anapepeta mchele, ungo kwenye mkono mmoja, mwanawe kwenye mkono wa pili, ungecheka, na mimi mtoto nilicheka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Kanisani nako kulikuwa na mtihani wake. Ibada ikiisha, watu hutoka wakipeana mikono, wa kwanza anasimama nje ampokee wa pili, wa pili na wa tatu, hivyo hivyo mpaka kila mtu awe amemshika kila mtu mkono. Mimi nilipenda, kwa kuwa kulikuwa na bibi mmoja aliyeacha peremende kwenye kiganja chako. Kwa Hawaye ilikuwa kama kupitishwa kwenye moto. Jumapili moja hatukufika hata katikati ya mstari. Alipiga ukelele, akajitupa chini, na Mama Jillo wa kwaya alipoinama kumshika akang'atwa kidole. "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu," akasema Mama Jillo huku akikipuliza kidole, na aliisema kwa sauti ya kuimba kwaya, mpaka wa nyuma wakasikia. Mama aliomba radhi, akamwinua Hawaye, tukaenda zetu. Hatukurudi pale kwa muda mrefu sana.

Kwa hiyo aliyeingia uani kwetu kila asubuhi alibaki mmoja tu, Mama Barisa, mwanamke wa Kiorma aliyetuletea maziwa. Mrefu, mwembamba, mtandio umemfunika mpaka kiunoni, kibuyu begani. Mama alimpa ndizi au mchele, naye alitupimia maziwa. Lakini hapimi kitu kabla hajasalimia, na salamu yake, ebo! Sisi tulishazoea salamu za kurushiana njiani: hujambo, sijambo, wa kwenu, wazima, na wewe ushapita. Mama Barisa alikaa kwanza kwenye kigoda, akakiweka kibuyu chini, akatazama mfuniko wake, ndipo akaanza. "Nagaa?" Maana yake ni amani. Mama anajibu, "Nagaa." Halafu watu wa nyumba: amani? Amani. Watoto: amani? Amani. Mifugo. Shamba. Mto. Mvua. Kila kitu kwa zamu yake, kwa sauti moja ya polepole, na kila jibu ni nagaa, hata kama mbuzi amekufa usiku. Yaliyoharibika husemwa baadaye, salamu ikishakwisha. Kisha mwingine naye anauliza mwanzo hadi mwisho, naye anajibiwa. Nimeyaandika kwa Kiswahili, ila yeye aliyasema kwa Kiorma, na Mama aliyajua kwa sababu wanawake wa mto na wanawake wa ng'ombe wamebadilishana vyakula tangu hatujazaliwa.

Nilikuwa nikichoka kungoja. Nataka chai! Lakini niligundua kwamba Hawaye hachoki. Mama Barisa akianza tu, Hawaye alisogea nyuma ya mlango, bega kwenye mwimo, akaacha kutikisika. Mama Barisa hakumwita. Hakusema njoo mwanangu, hakumnyooshea mkono, hakumtazama. Aliendelea kuutazama mfuniko wake wa kibuyu.

Asubuhi moja Mama alikuwa anasonga ugali, moshi umemwingia machoni, anakohoa. Mama Barisa alishauliza watu wa nyumba. Akauliza, "Watoto: amani?" Mama anakohoa tu. Salamu imekaa pale inangoja.

"Nagaa."

Sauti ilitoka nyuma ya mlango. Haikuwa ya mtangazaji wa redio. Ilikuwa nyembamba, na ya mtu ambaye hatukuwahi kumsikia, na mimi nywele zilinisimama. Mama aliangusha mwiko. Akavuta pumzi kupiga kigelegele, nikaona mdomo ushafunguka, Mama Barisa akainua kiganja bila kugeuka.

"Usikate yeye," akasema kwa Kiswahili chake. "Salamu bado kwisha."

Kisha akarudi kwenye mfuniko wake, kama vile hapakutokea kitu. Mifugo: amani? Nagaa. Shamba? Nagaa. Mto? Nagaa. Mvua? Nagaa. Yote aliyajibu Hawaye, nusu uso ukiwa umeanza kuonekana kwenye mwimo wa mlango, na Mama amesimama na majivu miguuni, machozi yanamtiririka, hapumui. Ilipokwisha, Mama Barisa akapima maziwa. Siku ile ugali uliungua na hakuna aliyeuliza.

Sasa mimi, akili yangu ya utoto ilifanya kazi usiku na mchana. Dada yangu hataki samaki, anapenda maziwa. Ni mrefu. Alipotea akapatikana kwa ng'ombe, tena ametulia. Miaka yote hakutujibu sisi kwa Kiswahili wala kwa Kipokomo, na neno la kwanza alilomjibu mtu ni la Kiorma. Kumbe! Hawaye si wetu. Hawaye ni Mworma, na alipokuwa mchanga alibadilishwa pale uani kama vitu vingine vyote vinavyobadilishwa pale uani. Nilimwendea Mama nikamuuliza kwa heshima zote, "Mama, kwani mlitoa mikungu mingapi ya ndizi?"

"Ndizi gani?"

"Za Hawaye."

Mama hakuelewa, akanituma kuni. Nami nikaona amekwepa swali, kwa hiyo ni kweli. Kuanzia hapo kila Mama Barisa alipoinuka kwenda, nilisimama langoni nimetanua miguu, nihakikishe anaondoka na kibuyu tu. Siku moja sikuweza tena kuvumilia. Nikamuuliza, "Utamchukua lini?" Aliponielewa, alicheka mpaka ikabidi aushike mti. "Mimi na toto tisa," akasema. "Hapana taka ya kumi." Sikuamini. Watu wazima husema mengi.

Wakati huohuo Mama alipata msaada mwingine. Kliniki moja ya watoto ilikuwa na mhudumu, dada kijana tu, aliyemsikiliza mpaka mwisho bila kuangalia saa. Ndiye aliyetutajia usonji. Alimwambia Mama kwamba Hawaye hana kiburi wala hana laana, ila maneno na watu humjia yote kwa pamoja, makelele, na hajui ni lipi litafuata. Mwambieni kabla ya jambo kuja, akasema, na likija lije vilevile mlivyosema. Msimwongezee mapya mengi kwa siku moja. Mama akamsimulia habari ya salamu ya Mama Barisa, na yule dada akaacha kuandika, akatabasamu. "Basi mlango mshaupata," akasema. "Anzieni hapo."

Tukaanzia hapo. Na hili ndilo ninalowaambia watu wakadhani natia chumvi. Mama alikwenda kwa majirani mmoja mmoja kuwaomba wamsalimie mwanawe Kiorma. Ndiyo, Wapokomo, kijiji kizima cha Wapokomo, wakimsalimia msichana wa Kipokomo kwa salamu ya Waorma, kwa utaratibu wake, bila kumshika na bila kumkodolea macho.

Aliyekuwa mgumu ni Mama Jillo, yule wa kidole. Yeye alikaanga mahamri pale kona, njia inapopanda kwenye tuta, na hapakuwa na jinsi ya kwenda Garsen bila kumpita. "Kiorma kwani mimi Mworma?" akauliza, mikono kiunoni. Mama akamjibu taratibu, "Si Mworma, Mama Jillo. Lakini una sauti." Nadhani hilo ndilo lililomshinda. Siku ya kwanza aliimba mifugo, shamba, mto, mvua, kwa sauti ya tatu ya kwaya, na Hawaye, ambaye Mama alimshika mkono, alimjibu yote. Mama Jillo akageuka haraka kwenye karai lake la mafuta, akasema moshi wa leo mbaya.

Baada yake alikuwa Buya, kijana wa boda boda, aliyeegesha penye mchepuko. "Niaje Hawaye! Form ni gani?" alikuwa akipiga kelele, na Hawaye akimpa mgongo. Mama alimfundisha wiki nzima. Siku ya mtihani, Buya akatanguliza mvua kabla ya mto. Hawaye akasimama. Hakusema neno, hakusogea, alisimama tu pale barabarani akiangalia sikio la Buya. Buya akajikuna kichwa. "Haya, nimekosea, sista. Narudi mwanzo." Nyuma yake kulikuwa na abiria amekwisha kupanda, mtu wa tai na begi, anafoka, twende bwana! Buya akamwambia, "Tulia, bosi. Hii haina njia ya mkato." Akaanza upya, nagaa, watu wa nyumba, mpaka mvua yenyewe, mahali pake.

Hivyo ndivyo ile njia ilivyofunguka, kipande kwa kipande. Lango hadi kona. Kona hadi mchepuko. Mchepuko hadi soko la Garsen, kwenye kivuli cha mabati ambapo wanawake wa Kiorma hukaa mstari na maziwa yao. Nilikuwa nikiwafuata nyuma, na nilichokuwa nikikiona sikukipatia jina. Watu walewale waliokuwa wakimwona dada yangu na kusonya, sasa wanaacha jembe, wanaacha gumzo, wanakaa sawa, na kusalimia kama watu waliofikiwa na mgeni wa heshima. Mimi binafsi, mtoto wa kawaida, hakuna aliyenisalimia hivyo, na nilimwonea wivu. Lakini Mama hakumwachia mkono. Hawaye alijibu salamu tu, hakuwahi kuianzisha, na lile swali la wewe ni wa nani halimo ndani ya salamu. Yule dada wa kliniki aliuliza mara moja, kwa upole, "Na mkono utauachia lini?" Mama alisema, "Siku atakapoweza kusema ni wa nani."

Ikawa asubuhi moja Mama Barisa hakuja. Hawaye aliketi mlangoni, karibu na kigoda kitupu. Jua likapanda. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anaanika mpunga, mimi nafukuza kuku wasiule, na tuliporudi mbele Hawaye hayupo. Lango limefungwa, waya umesokotwa vilevile. Tulimtafuta ndani, chooni, kwenye ghala, chini ya kitanda, kwa sababu lango limefungwa, si limefungwa? Kisha Mama akaugusa ule waya na nikaona uso wake unabadilika. Hawaye alikuwa ameusokotoa, akatoka, akausokota tena nyuma yake kama alivyoukuta.

Mama alikwenda mtoni kwanza. Malka ilikuwa tupu, maji mazito yanapita, nyayo za ng'ombe za jana zimekauka. Aliita. Anaita nani, na anayeitwa haitiki? Mimi nilikuwa nalia, nikijua kabisa kilichotokea: amekwenda kwao. Mama Barisa hakuja kumchukua, basi ameamua kujipeleka.

Tukapanda tuta mbio. Pale kona Mama Jillo alikuwa amesimama kando ya karai lake, mikono imejaa unga, mahamri yanaungua mbele yake.

"Amepita hapa?"

"Amepita." Mama Jillo akajipangusa unga kwenye leso. "Mama Hawaye, yeye ndiye aliyeanza. Nilikuwa nimeinama, nasikia mtu ananiambia, nagaa? Nainua uso, ni yeye. Ameniuliza yote. Watoto wangu, mbuzi wangu, mvua. Akangoja nimjibu. Nilitaka kumzuia, haki ya Mungu nilitaka, lakini ningemzuiaje mtu anayenisalimia?"

Tukaendelea kukimbia.

Buya tulikutana naye anarudi. Alizima pikipiki kabla hatujafika. "Msikimbie, Mama, yuko sawa. Alinisalimia, yeye mwenyewe, mpaka mwisho. Nikamwambia panda nikupeleke, akaendelea zake. Nikamfuata mdogomdogo hadi sokoni, nimemwacha pale kwa akina mama wa maziwa." Akapangusa kiti cha pikipiki, akaongeza, "Anatembea vizuri, Mama. Anakaa upande wa mashamba. Mtoni hakuangalia."

Alitubeba. Tulipofika sokoni Mama aliruka kabla pikipiki haijasimama, akapita kati ya vitunguu na mitumba, na alipofika kwenye magunia ya mahindi akasimama ghafla, nami nikamgonga mgongoni.

Hawaye alikuwa pale kwenye kivuli cha mabati. Amechuchumaa mbele ya mwanamke wa kwanza katika mstari, anatazama mfuniko wa kibuyu chake, na anauliza. Watu wa nyumba. Watoto. Mifugo. Sauti yake ni ileile nyembamba, polepole, na yule mwanamke anamjibu kila neno. Alipomaliza mvua, akasubiri naye aulizwe, akajibu, akasogea kwa wa pili, akaanza mwanzo. Soko zima linapiga kelele, redio, punda, mtu wa kipaza sauti anauza dawa ya panya, mambo yote yaliyokuwa yakimtupa chini akiyaziba masikio, na yeye anasogea kutoka kwa mwanamke hadi kwa mwanamke. Na wale wanawake, wateja wao wamesimama na vyombo mikononi wanangoja, hakuna hata mmoja aliyeharakisha. Nimeona mambo mengi tangu siku ile, nimeona bahari, nimeona miji. Sijaona kitu kikubwa zaidi ya kile.

Nilimvuta Mama leso. "Mama, mchukue!" Mama hakutikisika. Salamu ilikuwa haijaisha.

Wa mwisho alikuwa bibi mmoja ambaye hatukumjua, mgeni pale, na yeye hakumjua Hawaye wala habari zake. Alijibu salamu vizuri, akauliza yake, akajibiwa. Kisha, kama mtu yeyote angefanya, akamwinamia akamuuliza kwa Kiswahili:

"Na wewe ni wa nani?"

Nikahisi mwili wa Mama umekauka kama mti. Wale wanawake wengine, waliokuwa wakituona kule nyuma ya magunia, wakaacha kupima maziwa mmoja baada ya mwingine. Mimi nilifumba macho. Nilijua atakachosema. Atasema, wenu.

Hawaye alilitazama sikio la yule bibi. Alianza kutikisika, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Bibi akangoja. Inaonekana na yeye alikuwa mtu wa kungoja.

"Wa Mama Hawaye," akasema dada yangu.

"Ahaa. Na yuko wapi huyo Mama Hawaye?"

"Nyumbani."

Bibi akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Hawaye akamuuliza, "Mama Barisa?" Mwanamke wa pembeni akamwambia binti yake Mama Barisa amejifungua, mtoto wa kike, mama na mtoto wazima, na kesho maziwa yatakuja. Hawaye akaacha kutikisika. Mtu mmoja akamsogezea kigoda, akakaa.

Mama alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Mabega yanaruka, sauti haitoki. Nilidhani sasa ndipo atakapokwenda kumshika, nikatangulia hatua moja, akanirudisha.

"Twende nyumbani," akaninong'oneza.

"Na Hawaye?"

"Hawaye anajua njia." Alifuta uso, akamtazama Buya aliyekuwa amekaa juu ya pikipiki yake kando ya soko, na Buya akainua kidole gumba. "Amesema niko nyumbani. Basi twende, tuwe nyumbani."

Tukazunguka nyuma ya magunia asituone. Mama hakugeuka nyuma hata mara moja. Lakini mkono wangu aliukamata kwenye kifundo tangu sokoni hadi langoni kwetu, njia nzima ya tuta, akaubana mpaka vidole vikaingia ganzi, nami sikumwambia aniachie.